Je, wajua kwa nini Msumbiji iliwakabidhi kisu cha upasuaji wasio madaktari?

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2. Daktari, kwa utaratibu wa Tanzania, hukaa chuoni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Saa na miaka haziendi pamoja, na hapo ndipo nchi zenye madaktari wachache hukwama.

Msumbiji ilipata uhuru 1975, na madaktari wengi wa Kireno wakafunga virago. Mwaka 1984, vita vikiendelea, serikali ilianza kuwachukua watumishi wa afya wenye uzoefu na kuwafundisha upasuaji kwa miaka 3: miwili katika Hospitali Kuu ya Maputo, mmoja wa vitendo katika hospitali ya mkoa. Huitwa técnicos de cirurgia, yaani mafundi sanifu wa upasuaji. Hawasomi udaktari wote; wanasoma yale yanayoua watu wilayani: uchungu pingamizi (mtoto kukwama njiani wakati wa kuzaliwa), kizazi kilichopasuka, mimba iliyotunga nje ya kizazi, ngiri iliyobana, majeraha ya ajali.

Je, mikono yao ni salama? Pale Maputo zililinganishwa operesheni 2,071 za kujifungua: 958 zilifanywa na mafundi sanifu hao, 1,113 na mabingwa wa uzazi. Matokeo, yaliyotolewa 1996, hayakuonyesha tofauti ya maana kwa mama wala kwa mtoto.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, lilionekana baadaye. Miaka 7 baada ya kuhitimu, asilimia 88 ya mafundi sanifu waliofuatiliwa walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Katika madaktari waliopangiwa huko, hakubaki hata mmoja. Kuongeza nafasi vyuoni bila kuuliza nani atabaki kijijini ni kujaza maji kwenye pakacha.

Tanzania nayo imewategemea madaktari wasaidizi, ambao ni matabibu (watoa tiba wasio na shahada ya udaktari) walioongezewa miaka 2 ya masomo. Utafiti wa Kigoma na Mwanza uliochapishwa 2009 ulikuta wao ndio waliofanya asilimia 85 ya operesheni kubwa za uzazi.

Mpango huu huharibika pale wizara inapomsomesha mpasuaji ikasahau walio kando yake. Mgonjwa akishalazwa mezani anahitaji mtoa usingizi wa kumwangalia pumzi na presha, damu iliyopimwa ikiwa tayari kwenye jokofu, vifaa vilivyotakaswa kwa mvuke, na taa isiyozimika katikati ya kazi. Kikikosekana kimoja, huyo mpasuaji anaandika rufaa, na mama anapakiwa kwenye gari.

Pia wapasuaji hawa wanahitaji bingwa wa kuwatembelea na kuwakagua, na ngazi ya kupanda cheo. Mtu anayefanya operesheni usiku kucha kwa mshahara wa cheti chake cha zamani huchoka, na ana haki ya kuchoka.