Nyumba ya Kupangisha Tabora: Maneno ya Kijiweni na Hesabu Yenyewe

Mtumishi akikaribia kustaafu hapa Tabora, ushauri anaopewa ni ule ule: tafuta vyumba, pangisha, ukae unakula kodi. Si ushauri mbaya. Tatizo ni kwamba umerudiwa hadi hakuna anayeshika kalamu kuupigia hesabu. Naona nyumba ya kupangisha bado inalipa mjini kwetu, lakini kwa mtu wa aina moja: anayenunua kwa fedha yake mwenyewe, kwenye karatasi safi, na asiyeitegemea kodi hiyo kwa mlo wa kila mwezi. Wengine husukumwa na maneno kama haya.

"Nyumba haina hasara"

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Umepata nyumba ya vyumba sita Ipuli au Isevya, na mpaka unakabidhiwa funguo imekugharimu shilingi milioni 40. Kila chumba unakipangisha kwa 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,880,000, na wengi hesabu yao huishia hapo. Wanaona asilimia 7 na ushee, wanatafuta dalali.

Endelea kidogo. Kila chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja tu katika mwaka, unabaki na 2,640,000. Kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, ni asilimia 10, ondoa 264,000. Matengenezo weka 200,000, nayo ni kama mwaka umekuwa mwema: kitasa kilichoibwa, bati linalovuja mvua za Novemba zikianza, rangi baada ya mpangaji aliyekuwa anapikia mkaa chumbani. Choo kikijaa, bajeti hiyo imekufa. Toa na kodi ya jengo, 18,000 kwa mwaka. Umebaki na 2,158,000, yaani kama asilimia 5.4 ya fedha uliyoweka. Kwa mwendo huo milioni 40 zako zitarudi baada ya miaka kumi na minane na nusu. Aliyestaafu na miaka sitini ajihesabie mwenyewe.

Weka fedha hizo upande wa pili. Aprili 2022 riba ya hatifungani za serikali za miaka 25, yaani fedha unazoikopesha serikali ikakulipa riba, ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na watu wakalalamika. Hata kwa riba hiyo iliyoshushwa, milioni 40 zingeleta 5,024,000 kwa mwaka, kwa mikupuo miwili, bila kukatwa kodi, bila fundi, bila kugombana na mtu juu ya umeme.

Nyumba nayo ina haki yake. Riba ya hatifungani haisogei hata bei ya unga ikipanda mara mbili, na mwisho wa miaka 25 unarudishiwa milioni 40 zile zile, ambazo wakati huo sijui zitanunua nini. Kodi ya chumba hupandishwa, na kiwanja cha mjini bei yake hupanda hata ukiwa umelala. Kwa hiyo nyumba ni mahali pa kuhifadhi mali kwanza, kipato ni baadaye. Anayehitaji fedha ya dawa kila mwezi anapaswa kujua hilo kabla hajatoa kiinua mgongo chake chote. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wenye nyumba wengi ninaowafahamu hawana daftari. Wanajua walichopokea, hawajui walichotumia.

"Kopa benki, wapangaji watalipa deni"

Mikopo ya nyumba nchini hutozwa riba kati ya asilimia 13 na 19 hivi. Nyumba yetu ya mfano inaleta 5.4. Pengo hilo utalijaza kwa mshahara wako mwenyewe, kila mwezi, miaka yote ya mkopo.

"SGR ikifika, kodi zitapanda maradufu"

Hili la SGR, reli mpya ya kisasa, ndilo linalouza viwanja siku hizi. Ni kweli kwamba Tabora imewekwa njia panda: kipande cha Makutupora hadi Tabora ni kilomita 368, kipo cha kwenda Isaka, na cha kwenda Kigoma cha kilomita 506 mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Lakini mji huu ni njia panda ya reli tangu zamani. Reli ya kati ilifika hapa 1912, ikafika Kigoma 1914, baadaye yakaja matawi ya Mwanza na Mpanda. Treni hupitisha watu, na si kila anayepita hulala, sembuse kupanga.

Tazama sensa. Mwaka 2012 Manispaa ya Tabora ilikuwa na watu kama 227,000. Mwaka 2022 walikuwa kama 309,000. Hilo ni ongezeko la asilimia 3 hivi kwa mwaka, karibu sawa kabisa na la nchi nzima. Mji unakua vizuri, lakini haukimbii. Ujenzi wa reli huleta wahandisi na mafundi wanaolipa vizuri, wanaopanga nyumba nzima bila kubishana bei. Kazi ikiisha huondoka na mkandarasi wao. Anayenunua kwa bei ya kipindi cha mkandarasi ataipangisha kwa bei ya miaka ya kawaida.

"Wanafunzi ndio wapangaji bora"

Tunavyo vyuo: chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA, Chuo cha Ardhi, tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma ambalo wenyeji bado tunaliita Uhazili. Ni kweli wanafunzi hujaza vyumba haraka. Pia huvihama haraka, wote kwa pamoja, chuo kikifungwa, na wengi wanataka kulipa kwa muhula. Kwangu mimi bora muuguzi wa hospitali ya Kitete au mwalimu mwenye watoto wawili shuleni. Huyo hahami ovyo, kwa sababu kuhama kunamsumbua kuliko kunavyokusumbua wewe.

"Vyumba vya uswahilini havina kodi ya serikali"

Havina ukaguzi wa mara kwa mara, hilo ndilo linalosemwa kweli. Ile asilimia 10 mpangaji anatakiwa aizuie na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 wajibu huo umewafikia hata wapangaji wa kawaida wa makazi. Wachache hufanya hivyo, lakini deni ni deni hata kama hakuna aliyebisha hodi. Kodi ya jengo, kwa upande wake, haikwepeki: tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Inamhusu mwenye nyumba, ila anayekatwa ni anayenunua umeme. Nyumba yenye mita moja na wapangaji sita, mwezi ukianza, husikika mtaa mzima. Mwenye nyumba mwenye busara hurudisha hiyo 1,500 yeye mwenyewe. Ni fedha ndogo kuliko chumba kimoja kukaa kitupu wiki moja.

"Karatasi ya serikali ya mtaa inatosha"

Karatasi iliyogongwa muhuri wa mwenyekiti inaonyesha kwamba mliuziana. Haionyeshi kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza. Tabora hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa nyumba nyingi za Ng'ambo na Gongoni ni za ukoo, babu alijenga, wajukuu wanaishi. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo na kaka mkubwa mwenye funguo. Nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo waziwazi. Iliyo kandokando ya barabara kuu ipimiwe: Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na alama ya X ya kubomolewa haiulizi ulinunua kwa nani.

Kwa nyumba yenye hati, omba upekuzi kwa msajili wa hati ujue jina lililosajiliwa na kama kuna benki inayoidai. Kwa isiyo na hati, kaa na majirani wa pande zote nne, waulize mipaka, waulize na nani alizaliwa humo. Itachukua siku kadhaa. Dalali atakwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Mwache aje.