Ladha ya kuzoea ni nini? Mfano wa tembo la mnazi na grappa ya Kitaliano, Malindi

Ladha ya kuzoea ni ile ambayo ulimi huikataa mara ya kwanza, kisha ukaja kuipenda baada ya kuionja tena na tena, aghalabu kwa sababu ya watu unaokaa nao. Kahawa chungu ya barazani ni ya namna hiyo. Mtoto akionjeshwa huitema, na babake akitiliwa sukari huona ameharibiwa kikombe.

Mwili una sehemu yake katika jambo hili. Mtoto huzaliwa akipenda utamu na kukunjia uso uchungu, kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu. Ukali wa pombe kali, nao, si ladha hasa: pombe huamsha neva zilezile zinazoamshwa na pilipili, ndiyo maana koo huhisi moto hata kama kinywaji kimetoka kwenye friji. Na wako waliozaliwa tofauti kabisa. Baadhi ya watu wakila dania huisikia kama sabuni, na wanasayansi wanaihusisha hali hiyo na jeni ya kunusa. Mtu wa hivyo ukimlazimisha aizoee kachumbari yako, unamwonea tu.

Kinachobaki, na ndicho kikubwa, ni malezi. Chukua tembo la mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata kipande chembamba kwenye ncha ya karara ambalo halijapasuka, na utomvu ukadondokea ndani ya kibuyu alichokifunga hapo juu. Ukishushwa papo hapo ni mtamu kama maji ya sukari. Lakini chachu haingoji: kazi inaanza mnazini, ikifika jioni limeshakuwa pombe, na likilala siku kadhaa linaelekea kuwa siki. Mgeni akiingia mangweni, pale tembo linaponywewa, akaona lile povu jeupe na kusikia ule uchachu, husema limeoza. Mzee wa Kigiriama aliyekaa pembeni, mrija mdomoni, mrija wenye kichujio mwishoni cha kuzuia nyuki na takataka, atakwambia kama hili ni la asubuhi au la jana, na kama mgema amelitia maji. Huo ni ujuzi, tena si mdogo. Ulaya mtu mwenye ujuzi kama huo juu ya divai hulipwa mshahara.

Ulimi wa mzee haukujifunza peke yake. Tembo alilikuta kwenye mazungumzo ya mahari na matangani. Aliona wakubwa wakilimwaga chini kwa ajili ya koma, roho za wazee waliokufa, kabla yeye hajaruhusiwa kugusa mrija. Kwake uchachu ule una watu ndani yake. Mgeni anapata uchachu mtupu.

Sasa njoo upande wa hoteli za Kitaliano. Waitaliano wamekuwa hapa tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia satelaiti kule Ngomeni, na walikuja na meza yao. Baada ya chakula huletwa grappa, pombe inayokenekwa kutokana na maganda na mbegu za zabibu zilizobaki baada ya kukamuliwa divai. Kwa sheria ya Ulaya haipungui asilimia 37.5 ya kilevi. Kwa miaka mingi ilikuwa pombe ya wakulima wa kaskazini mwa Italia, ya kufukuza baridi, na wenye fedha waliinyanyapaa. Mwaka 1973 familia ya Nonino, huko Friuli, ilikeneka maganda ya aina moja tu ya zabibu, Picolit, ikaitia kwenye chupa nzuri na kuipa bei ya juu. Matajiri wakagundua kuwa wanaipenda.

Sidhani ni ulimi wao uliobadilika kwanza. Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, alisema kuwa tunachokiita ladha nzuri kwa kiasi kikubwa ni alama ya tabaka, na kisa hiki kinamuunga mkono. Chang'aa nayo ni pombe ya kukeneka ya watu wa chini. Kenya iliipiga marufuku kwa sheria ya 1980, kisha sheria ya 2010 ikairuhusu kwa masharti ya leseni na chupa. Hadhi haikuja na leseni.

Mezani mambo ni hayohayo. Aliyezoea kuzunguka sinia la pilau na jamaa zake, akiletewa sahani pana yenye vipande vitatu vya samaki katikati, huona amepunjwa. Mwenzake kutoka Milan huona sinia lile ni fujo. Ipo carpaccio pia, nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba sana, iliyobuniwa na Giuseppe Cipriani katika Harry's Bar mjini Venice. Waliosema kipendacho roho hula nyama mbichi hawakujua kuna watakaoilipia.

Mtu asichanganye haya na katazo. Muislamu wa mtaa wa Shela, hapa Malindi, anayekataa glasi hasemi kinywaji ni kibaya, pengine hata hajui kina ladha gani. Kwake ni haramu, basi. Kumshawishi kwa maneno ya "jaribu kidogo, utazoea" ni kukosa adabu.

Wala dhana hii haimaanishi kwamba hakuna kizuri wala kibaya, kila mtu na lake. Tembo lililotiwa maji ni baya mbele ya walevi wote wa mangweni, na pweza aliyechemshwa akawa kama mpira ni mbaya iwe kwa mama lishe au kwenye hoteli ya kifahari. Kubishana kuna maana kwa walioizoea ladha ileile. Ila kuna mahali ambapo hata mjuzi hana la kusema: chang'aa iliyochanganywa na methanoli. Hiyo hupofusha na kuua, na kwa harufu na ladha inafanana mno na pombe ya kawaida, hivyo ulimi wa mlevi wa miaka arobaini hautamwonya zaidi ya ulimi wa mgeni.