Ultrasaundi ya kitandani: daktari anatafuta nini?

Wengi wetu tukisikia ultrasaundi tunamwaza mama mjamzito. Ndiyo maana ndugu wa kijana aliyepata ajali ya bodaboda hushtuka wakiona mashine ile inasukumwa hadi kitandani. "Daktari, huyu ni mwanaume, ultrasaundi ya nini tena?"

Ni ya kutafuta damu. Ini au bandama ikipasuka, damu humwagikia tumboni na kwa nje usione hata mchubuko. Daktari hupaka jeli, kwa kuwa mawimbi ya sauti hayapenyi vizuri palipo na hewa, kisha huangalia sehemu nne: kati ya ini na figo ya kulia, kuzunguka bandama, chini karibu na kibofu, na kuzunguka moyo. Ini huonekana la kijivu, limelala juu ya figo. Ukitokea mstari mweusi katikati yao, hicho ni kimiminika, na kwa majeruhi ambaye presha yake inashuka tunakihesabu kuwa damu. Yote haya ni dakika chache, dripu ikiendelea kuingia, bila mionzi na bila kumhamisha mtu ambaye anaweza kuzimika njiani.

Kwa akina mama kipimo hiki kina thamani kubwa zaidi. Dada analetwa na maumivu ya tumbo na kizunguzungu, mkojo unaonyesha ana mimba, lakini mfuko wa uzazi ni mtupu na tumbo lina damu. Hapo tunashuku mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka, na daktari wa upasuaji anaitwa saa hiyohiyo.

Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo chuo chake kikuu kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hii. Kushika mashine hakumchukui mwanafunzi muda mrefu. Kazi ni kuijua mipaka yake: damu kidogo haionekani, utumbo uliotoboka unaweza kuponyoka, na damu iliyojificha nyuma karibu na uti wa mgongo vilevile. Mwanafunzi akiniambia "tumbo liko safi", namuuliza amepima saa ngapi na atarudia saa ngapi.

Kwa hiyo daktari akirudi kumpima ndugu yako mara ya pili, usidhani alikosea mwanzo. Damu inayovuja polepole inaweza isionekane saa mbili usiku, ikaonekana saa mbili na nusu.