Mkesha wa Pasaka: kuni kwanza, maua baadaye

Kwaresima ikifika ukingoni, wanakamati wa mapambo huanza kuniuliza vitambaa vya mwaka huu vitakuwa vya rangi gani. Mimi huwauliza kuni ziko wapi. Wanacheka, wanadhani natania. Lakini Mkesha, ibada ya usiku wa Jumamosi Kuu, unaanzia nje ya kanisa, kwenye moto, na Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, yaani masika yenyewe. Huku kwetu Moshi, msakristia, yaani mtunza vifaa vya ibada kama mimi, anayengoja Jumamosi Kuu jioni ndipo atafute kuni atapata magogo yaliyolowa, na padre atabariki moshi badala ya moto.

Kwa hiyo kuni zinaingia stoo mapema. Nikipata matawi ya mibuni iliyopogolewa, sitafuti kingine. Mafuta ya taa sitaki kuyaona: harufu yake inashika kwenye alba, yale mavazi meupe marefu ya ibada, na inaufuata msafara mpaka altareni. Pembeni mwa moto liwepo koleo, kwa sababu makaa ya chetezo, chombo cha kufukizia ubani, hutolewa kwenye moto huohuo uliobarikiwa. Turubai nalo liwe karibu, hata kama mchana kutwa jua limewaka.

Kinachonichukulia muda kuliko vyote ni mshumaa wa Pasaka. Kanisa linataka uwe wa nta, mpya kila mwaka, na mmoja tu. Kubandua tarakimu za mwaka jana na kubandika nyingine ni ubahili, tena mahali pabaya pa kuufanyia. Padre huchora msalaba, Alfa juu yake, Omega chini, na tarakimu nne za mwaka kwenye pembe, kisha huchomeka punje tano za ubani. Sasa fikiria ni usiku, upepo unavuma, na nta ni ngumu kama jiwe. Punje haziingii! Ndiyo maana mchana natoboa matundu matano kwa msumari uliopashwa moto, najaribu moja moja pini zinazobeba punje hizo, nazichomoa, nazifunga kwenye kitambaa safi na kumkabidhi mtumikizi mkubwa, si yule mdogo anayechezea kila kitu. Utambi ukiwa umezama kwenye nta, nauinua kwa kibano.

Giza nalo linaandaliwa. Mkesha hauruhusiwi kuanza kabla usiku haujaingia, lakini taa za ulinzi za uwanjani zinaweza kuuharibu usiku wenyewe, kwa hiyo mlinzi aambiwe mapema azizime. "Mwanga wa Kristo" huimbwa mara tatu msafara ukiingia kanisani na mshumaa. Baada ya mara ya tatu taa za kanisa zinawashwa, ila mishumaa ya altare inangoja wimbo wa Utukufu. Kwenye swichi asimame mtu mmoja asiye na kazi nyingine, na asiwe mwanakwaya, maana wimbo ukinoga anasahau. Kengele zimenyamaza tangu Utukufu wa Alhamisi Kuu, basi watumikizi wanaozishika wawe wanamwangalia padre, wasikae wakiangalia mishumaa yao.

Masomo ya Agano la Kale ni saba. Paroko akiyapunguza, lile la Kutoka sura ya 14 haliachwi. Weka alama kwenye kitabu, yatosha.

Vitambaa vya altare huwa nawaachia akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, na pasi yao siiwezi. Ninachosisitiza ni korporale tu, kile kitambaa kinachotandikwa chini ya mkate na divai: ikunjwe kwa ndani, sehemu tatu kila upande, ili chembe yoyote ya Ekaristi ibaki katikati. Maji ya kwanza ya kuisuuzia yanamwagwa ardhini mahali safi, hayaendi kwenye bomba la maji machafu.

Haya, maua. Yakae kuzunguka altare, si juu ya meza yake, na yasimfiche padre. Mapambo ya ukumbi wa harusi, yenye mapazia ya kung'aa na maua ya plastiki, mimi nayakataa kila mwaka na kila mwaka tunabishana. Kwenye kisima cha ubatizo napendelea masale. Mchagga yeyote anajua jani hilo linapelekwa kwa nani na kwa sababu gani: aliyekosa huenda nalo kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na ni vigumu kumrudisha mtu aliyelishika. Mahali wakatekumeni, yaani walioandaliwa kubatizwa, wanaposafishwa dhambi, sioni mmea unaofaa zaidi.

Mkesha ukiisha, usikimbilie pilau. Misa za Jumapili asubuhi zinakuja na sakafu imejaa nta ya mishumaa ya waamini. Kwenye mabenchi kwangua kwa kadi ngumu ya plastiki, kisu kinaacha mikwaruzo. Iliyomwagikia kitenge iache igande, ikwangue, kisha weka karatasi isiyo na maandishi juu na chini na upitishe pasi ya uvuguvugu mpaka karatasi iinyonye.