Je, Wajua Ni Nani Mwenye Tundu la Kisu cha Kukunja?

Katika mnada wa Msalato, unaofanyika kila Jumamosi nje kidogo ya katikati ya jiji la Dodoma, wauzaji wa vifaa vidogo hutandika turubai chini na kupanga juu yake visu vya kukunja. Vingi vina tundu kwenye ubapa, karibu na pale ubapa unapoungana na mpini. Tundu hilo si pambo. Mwenye kisu huweka kidole gumba juu yake, akasukuma, na kisu kikafunguka kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa umeshika kamba ya mbuzi au kichala cha zabibu. Je, tundu hilo lina mwenyewe? Na kama linaye, litabaki kuwa lake hadi lini?

Swali hili niliwahi kulijibu vibaya mbele ya mtu aliyeniamini. Fundi chuma mmoja wa hapa Dodoma, anayefua visu kutokana na springi chakavu za magari, alinionyesha kisu cha kukunja alichokuwa anakitengeneza kwa ajili ya wavunaji wa zabibu, akaniuliza kama anaruhusiwa kutoboa tundu la kidole. Nilimjibu kwamba tundu hilo ni ubunifu wa kampuni ya Marekani, kwamba limesajiliwa, na kwamba kitu kikishasajiliwa hubaki cha aliyekisajili siku zote. Jibu la kwanza lilikuwa kweli, la pili lilihitaji maelezo marefu, na la tatu halikuwa kweli hata kidogo. Fundi akaiacha kazi ile kwa neno langu. Ndiyo maana nimeona inafaa jambo hili lielezwe taratibu.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ya Golden, katika jimbo la Colorado, iliyoanzishwa na Sal Glesser, ilitoa kisu kilichoitwa Worker, chenye tundu la duara kwenye ubapa na kibanio cha kukining'iniza mfukoni. Mwaka 1982 Glesser alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuutumia uvumbuzi wake peke yake kwa muda maalumu, ya namna hiyo ya kukifungua kisu. Karne iliyopita ilipokuwa inakwisha, muda wa hataza hiyo nao ulikwisha. Hata hivyo, kampuni inaendelea hadi leo kulitangaza tundu la duara kuwa alama yake ya biashara.

Kosa langu lilianzia kwenye neno moja. Tunaposema “amekisajili”, tunazungumza kana kwamba kuna daftari moja tu, na kwamba anayeandikwa humo anapata umiliki wa aina moja. Kumbe madaftari ni zaidi ya moja, na kila moja lina makusudi yake. Hataza hulinda namna kitu kinavyofanya kazi. Alama ya biashara hulinda kile kinachomwambia mnunuzi kitu kimetoka kwa nani. Hataza ina kikomo. Alama ya biashara huweza kuhuishwa tena na tena bila kikomo, maadamu inatumika na ada inalipwa.

Hataza ifikirie kama kisima katika kijiji kikavu cha Bahi au Chamwino. Mtu amegundua namna ya kuyafikia maji ambayo wengine hawakuyafikia, na kijiji kinamwambia hivi: tuonyeshe wazi ulivyochimba, ili yeyote aweze kujifunza, nasi tutakuachia uuze maji peke yako kwa miaka tuliyokubaliana. Miaka ikiisha, kila mtu ataruhusiwa kuchimba kwa njia yako. Mvumbuzi hulipwa kwa muda huo, na umma hulipwa kwa maarifa. Kwa hiyo muda wa hataza ukiisha, mvumbuzi hajaporwa kitu. Siku hiyo ndiyo umma unapokea sehemu yake ya mapatano.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa nini basi mtu asiache hataza ife, kisha akalisajili tundu lilelile kama alama ya biashara na kukaa nalo milele? Kinachomzuia ni kanuni inayosema kwamba sehemu yenye kazi haiwezi kuwa alama, na hapa Ugogoni kanuni hiyo hueleweka vizuri kwa kumtazama ng'ombe.

Wafugaji watatu wanachunga pamoja na ng'ombe wao wanachanganyika mtoni. Kila mfugaji ana chapa yake: mmoja amechoma mistari miwili pajani, mwingine duara begani, wa tatu amekata pembe ya sikio. Chapa hizi hazimfanyi ng'ombe atembee vizuri zaidi wala atoe maziwa mengi zaidi. Zinasema tu huyu ni wa nani. Kwa sababu hazina kazi nyingine, mfugaji mmoja anaweza kuihodhi mistari yake miwili hadi kwa vitukuu vyake, na hakuna jirani atakayepungukiwa na kitu, maana michoro ya kuchagua haina mwisho.

Fikiria sasa kwamba mfugaji wa kwanza anasimama mbele ya baraza na kusema: “Chapa yangu ni kwamba ng'ombe wangu wana kwato.” Baraza likimkubalia, halitakuwa limempa chapa, bali litakuwa limempa ufugaji wote, kwa kuwa hakuna ng'ombe anayekwenda malishoni bila kwato. Hata kama kweli yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufuga hapo, na hata kama watu wa mbali wakiona kwato humkumbuka yeye, bado kwato hazifai kuwa chapa. Jambo hili la mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa: kukumbukwa na wanunuzi hakutoshi, kwa sababu kinachoulizwa kwanza ni kama kitu chenyewe kina kazi.

Kipimo kinachotumiwa na mahakama za Marekani kina sehemu mbili. Sehemu ya kitu huhesabiwa kuwa na kazi ikiwa ni ya lazima kwa matumizi au makusudi ya kitu hicho, au ikiwa inagusa gharama au ubora wake. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua shauri kati ya kampuni ya TrafFix Devices na kampuni ya Marketing Displays, lililohusu vibao vya muda vya barabarani, vile vinavyosimamishwa penye ukarabati. Marketing Displays ilikuwa na hataza za kitako chenye springi mbili, zinazokifanya kibao kiiname upepo unapovuma badala ya kuanguka. Anayeujua upepo wa Dodoma hahitaji kuelezwa faida yake. Hataza zilipoisha na TrafFix ikaiga springi zile, kampuni ya kwanza ilidai kwamba mwonekano wa springi mbili ni utambulisho wake. Mahakama ilikataa kwa kauli moja, ikieleza kwamba hataza iliyokwisha ni ushahidi mzito kuwa kitu kilichoelezwa ndani yake kina kazi, na kwamba kazi ikishathibitika, hakuna haja ya kuuliza kama mshindani angeweza kutumia springi moja au tatu.

Upande wa zana za kukunja, shauri linalohusika kwa karibu zaidi ni la Leatherman. Kampuni hiyo ya Oregon ilianza mwaka 1983 kuuza zana iliyoitwa Pocket Survival Tool, yenye koleo linalojikunja pamoja na kisu, tupa na bisibisi ndani ya mpini. Mwaka 1996 kampuni ya Cooper ilileta zana inayofanana nayo sana, na katika matangazo ya awali ikatumia picha ya zana ya Leatherman iliyogeuzwa kidogo. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ilisema kwamba umbo zima la zana ile ni mkusanyiko wa sehemu zenye kazi, hivyo kuliiga si kosa la alama ya biashara. Shauri la picha lilikuwa tofauti: kuonyesha bidhaa ya mwenzako kana kwamba ni yako ni kuwadanganya wanunuzi, na kwa hilo Cooper haikuachwa. Tofauti hii naiona kuwa ya haki kabisa.

Ulaya nayo ilifika palepale kwa njia yake. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la tofali la Lego liwe alama ya biashara, kwa sababu vinundu vya juu ndivyo vinavyoyafanya matofali yashikane.

Watengenezaji wa visu walioielewa kanuni hii waliweka umiliki wao wa kudumu kwenye jina au mchoro. Benchmade ilikuwa na hataza ya loki ya kipande cha chuma kinachopita upande kwa upande na kuuzuia ubapa usijikunje. Hataza hiyo ilitolewa mwaka 2000 kwa ubunifu wa McHenry na Williams, na sasa muda wake umekwisha, kwa hiyo watengenezaji wengi wanaiuza loki ya namna ileile. Lakini wanaiita kwa majina mengine, kwa kuwa jina Axis bado ni la Benchmade. Michael Walker, fundi wa Marekani aliyeipa umaarufu loki ya bamba la pembeni katika miaka ya 1980, alisajili jina LinerLock, ilhali utendaji wa loki yenyewe umeenea duniani kote. Kwa wale wa zamani zaidi, inapendeza kuona kwamba mwaka uleule wa 1909 Joseph Opinel wa Ufaransa alisajili mchoro wa mkono wenye taji, na Karl Elsener wa Uswisi, ambaye kampuni yake leo ni Victorinox, akaanza kutumia msalaba ndani ya ngao. Mikono yenye taji na misalaba haikati kitu, na ndiyo maana imedumu zaidi ya karne.

Turudi kwenye tundu la duara, ambalo ni gumu kuliko mifano yote hiyo. Hoja ya kulitetea ina uzito: kidole hakihitaji duara kamili, tundu la umbo la yai au la mchirizi nalo hufungua kisu, wapo pia wanaotumia kinundu au ulimi mdogo nyuma ya ubapa, na kwa hiyo duara ni chaguo la kampuni, sawa na mistari pajani. Hoja ya kulipinga nayo ina uzito: hataza ya 1982 ilieleza kazi ya tundu hilo, na duara ndilo umbo ambalo drili hulitoa kwa mara moja bila kazi ya ziada, kwa hiyo umbo lenyewe linagusa gharama. Nikiipima kwa maneno ya hukumu ya 2001, naiona hoja ya pili kuwa na nguvu zaidi, ingawa huo ni usomaji wangu na si hukumu. Ifahamike pia kwamba kusajiliwa si mwisho wa habari, kwa kuwa tangu mwaka 1998 sheria ya Marekani inaruhusu alama kupingwa wakati wowote kwa sababu ya kuwa na kazi, hata ikiwa imekaa daftarini miaka mingi.

Na hapa kwetu? Haki hizi zina mipaka ya nchi. Hataza iliyotolewa Marekani peke yake haimfungi fundi wa Dodoma. Ingepaswa iombwe BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara na haki za namna hii, au kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 hutoa miaka 10, inayoweza kuongezwa miaka mitano mara mbili. Alama ya biashara, chini ya sheria ya mwaka 1986, husajiliwa kwa miaka saba na kisha kuhuishwa kila baada ya miaka 10. Zanzibar ina sheria na msajili wake. Hukumu za nje hazizifungi mahakama zetu, lakini wakili anaweza kuzileta kama hoja. Anayegonga jina la kampuni nyingine kwenye ubapa wake yuko mahali pengine kabisa: hiyo ni bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani huikamata. Kwa hiyo, kati ya visu viwili vyenye matundu sawa pale Msalato, kisicho na jina la mtu kinaweza kuwa halali, na chenye jina la kuiga kikawa haramu.

Nilirudi kwa fundi yule nikamweleza haya yote, pamoja na kumwomba radhi. Alisikiliza, akauliza maswali mengi kuhusu duara na yai, kisha akaamua kutumia yai, kwa kuwa anatarajia siku moja kuuza nje ya nchi na hataki ugomvi. Hutoboa matundu mawili madogo yanayogusana, akayaunganisha kwa tupa mpaka kidole kipate pa kushika. Kazi hiyo humchukua muda mrefu kuliko tundu moja la drili. Chini ya tundu hugonga kwa patasi mistari mitatu iliyolala, ambayo ndiyo iliyokuwa chapa ya ng'ombe wa baba yake.