Kwa Nini Kaunti Inayolizidi Jimbo la Connecticut kwa Ukubwa Ina Watu Elfu Tano Tu?

Je, wajua kwamba kaunti ya Cherry, iliyo kaskazini mwa jimbo la Nebraska nchini Marekani, ina eneo la takriban kilomita za mraba 15,500, yaani inalipita jimbo zima la Connecticut, na hata hivyo sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 5,455 tu? Mwaka huohuo Connecticut ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3.6. Anayesikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kuwa Cherry ni jangwa, lakini sivyo. Mvua na theluji huipatia takriban milimita 500 za maji kwa mwaka, mito yake haikauki wakati wa kiangazi, na katikati ya vilima yametapakaa maziwa madogo mengi. Kinachowazuia watu wasijae huko ni mchanga.

Sehemu kubwa ya kaunti hiyo imo katika nyanda ziitwazo Sandhills, ambazo ni vilima vya mchanga vilivyorundikwa na upepo, vingine vikifikia urefu wa mita 120. Zamani vilima hivyo vilikuwa vikihama kama vya jangwani, na leo vimetulia kwa sababu moja tu: mizizi ya nyasi imevishika. Udongo wenye rutuba juu yake ni mwembamba mno. Nyasi zikikwanguliwa mahali pamoja, iwe kwa plau au kwa kwato za ng'ombe wanaopita njia ileile kila siku, upepo huanza kuchimba, na shimo lililoanza na ukubwa wa karai linaweza kumeza ubavu mzima wa kilima. Wafugaji wa huko wamezoea kuyatupia mashimo hayo matairi makuukuu ili kuuzuia mchanga usiendelee kupeperuka mpaka nyasi ziote tena.

Mchanga huohuo, hata hivyo, ndio unaohifadhi maji. Mvua ikinyesha haitiririki juu ya ardhi, bali huzama moja kwa moja hadi kwenye hazina kubwa ya maji ya chini ya ardhi iitwayo Ogallala, kisha hutokeza tena kama chemchemi zinazoilisha mito ya Niobrara, Snake na Loup. Ndiyo maana katikati ya malisho, mahali pasipo na nyumba wala nguzo ya umeme, utakuta kinu cha upepo kimesimama peke yake kikivuta maji na kuyamimina katika birika la kunyweshea mifugo.

Serikali ya Marekani ilichelewa kuielewa ardhi hiyo. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 bure, kiasi kilichotosha katika nyanda za mashariki zenye udongo mzito, lakini kisichofaa kitu katika mchanga. Mwaka 1904 Bunge lilipitisha sheria iliyotokana na juhudi za Moses Kinkaid, mbunge wa Nebraska, ambayo iliongeza kiasi hicho hadi ekari 640. Watu wakamiminika. Walijenga nyumba kwa mapande ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake, kwa kuwa miti ilikuwa adimu, na wakapikia mavi makavu ya ng'ombe. Kufikia mwaka 1920 kaunti ilikuwa na wakazi zaidi ya elfu kumi na moja, takriban maradufu ya idadi ya leo.

Lakini hata ekari 640 hazikutosha, na hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa ng'ombe mmoja wa huko anahitaji, tuseme, ekari kumi na tano za malisho kwa mwaka, shamba hilo litalisha ng'ombe arobaini na wachache tu, na familia haiwezi kuishi kwa mauzo ya ndama hao. Waliojaribu kulima mahindi waliona mashamba yao yakipeperuka.

Miongoni mwa walowezi hao walikuwamo Wamarekani weusi, ambao kuanzia mwaka 1907 walianzisha makazi ya DeWitty kando ya mto North Loup, karibu na kijiji cha Brownlee. Baadhi yao walitoka katika familia zilizokuwa zimekimbilia Kanada kuuepuka utumwa. Walikuwa na kanisa na shule zao, nao hawakushindwa kwa uvivu. Kilichowaondoa ni kilekile kilichowaondoa majirani zao weupe, yaani ardhi isiyolimika, bei mbaya na ukame. Katika miaka ya 1930 makazi hayo yalikuwa yamekwisha.

Walioondoka waliuza ardhi kwa wenye ranchi, na ranchi zikawa kubwa zaidi na zaidi. Hivi sasa Cherry huongoza kaunti zote za Marekani kwa idadi ya ng'ombe mama wa nyama, ambao ni zaidi ya laki moja. Kazi ya kuwatunza haihitaji watu wengi, isipokuwa majira ya kuzaa ndama na ya kukata hei, yaani nyasi zinazokaushwa kuwa chakula cha mifugo.

Karibu nusu ya wakazi wanaishi Valentine, makao makuu ya kaunti, mji ambao kila Februari hupokea kadi za wapendanao kutoka mbali ili tu zigongwe muhuri wa posta yake. Kaskazini yake, ng'ambo ya mpaka wa jimbo la South Dakota, ni ardhi ya Walakota wa Rosebud, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Amerika. Vijiji vya Crookston, Kilgore, Nenzel, Cody na Merriman vimejipanga magharibi ya Valentine katika mstari mmoja, kwa kuwa vilizaliwa na reli iliyofika Valentine mwaka 1883 na kufungwa katika miaka ya 1990. Kijijini Cody, duka la vyakula lenye kuta za marobota ya mabua huendeshwa na wanafunzi wa shule ya hapo.

Kaunti ni pana kiasi kwamba imegawanywa na mstari wa majira ya saa: saa za upande wa mashariki, uliko mji wa Valentine, ziko mbele kwa saa moja. Mkazi wa Merriman mwenye shauri mahakamani Valentine huendesha gari takriban saa moja, na akifika hukuta saa ya ukutani inamwambia kwamba zimepita saa mbili tangu aondoke.