Umepunguzwa kazi? Soma barua kabla hujaweka saini

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, benchi la nje ya ofisi yetu hapa Kigoma halikauki watu. Mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi za Nyarugusu na Nduta yamepunguza madereva, walinzi, wahudumu wa afya na watunza ghala. Wengi wanatoka Kasulu na Kibondo, wamepanda gari alfajiri, wana bahasha ya kaki mkononi na swali moja: "Afisa, hela yangu ya NSSF naipataje?" Wanaulizia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na swali ni la haki kabisa. Kinachoniumiza ni kwamba mara nyingi jibu limeshaandikwa ndani ya ile bahasha, na mwenye bahasha ameshaliwekea saini.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja, dereva wa miaka minne kwenye shirika la kambini. Alinisalimu, akakaa, akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya malipo aliyopokea siku ile ile aliyoondoka. Ya pili ilikuwa barua yenye sentensi tatu, na sentensi ya katikati ilisema: "Nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu." Nikamuuliza kama kweli aliamua. "Hapana, mkuu. Tuliambiwa mradi umekufa. Wakasema ukisaini hii unalipwa leo, usiposaini utasubiri mpaka makao makuu." Alisaini akiwa amesimama, foleni nyuma yake.

Sasa elewa kwa nini sentensi hiyo ina uzito. Fao la upotevu wa ajira liliwekwa na Sheria Na. 2 ya mwaka 2018, iliyorekebisha pia sheria ya NSSF na kuanza kutumika Agosti mwaka huo. Ni la mtu aliyepoteza ajira. Aliyeacha kazi mwenyewe halimhusu. Afisa mafao hawezi kujua yaliyosemwa kwenye foleni kambini. Anasoma barua, na barua inasema uliacha.

Ukiwa umeachishwa, hujafika miaka 55, hujapata kazi nyingine, na umechangia angalau miezi 18, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi kwa miezi sita. Kwa mshahara wa shilingi 600,000, hiyo ni shilingi 199,800 kwa mwezi, na kwa miezi yote sita ni shilingi 1,198,800. Ambaye hakufikisha miezi 18 hulipwa kwa mkupuo asilimia 50 ya michango yake. Ukomo wa miaka 55 upo kwa sababu kuanzia umri huo mlango wa kustaafu kwa hiari unafunguka, na huko ndiko unakotakiwa kwenda. Ukiajiriwa ndani ya ile miezi sita, toa taarifa. Namba yako ya uanachama ni ile ile, kwa hiyo mchango wa kwanza wa mwajiri mpya utaonekana hata ukikaa kimya, na kuendelea kupokea fao huku una mshahara ni kosa.

Hapo ndipo watu wanaponikasirikia. "Mimi nataka changu chote." Nimelieleza hili vijiweni, redioni na kwenye mikutano ya wafanyakazi, na bado kila wiki linarudi: fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako yote ukitoka kazini, halipo. Halijafichwa na mtu ofisini, wala halipatikani kwa kumjua mtu. Michango yako iliyobaki haijapotea. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180, na miezi uliyochangia kambini itajumlishwa na ile utakayochangia kwa mkandarasi wa reli au kwingine kokote. Ukikaa bila ajira miezi 18 baada ya kuachishwa, unaweza kuomba michango yako ihamishiwe kwenye skimu ya hiari. Wapo vishoka mjini wanaowaahidi watu kuwatolea fedha zote wakigawiwa fungu. Usimpe hata nauli. Dai la fao halilipiwi.

Nirudi kwenye kupunguzwa, maana sheria ina utaratibu na waajiri wengi wanauruka. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi, aweke wazi taarifa zinazohusika, kisha akae na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kabla ya uamuzi, wala si baada yake. Mnajadili sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya nani aondoke, muda na malipo. Msipokubaliana, suala linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa siku 30 za usuluhishi mwajiri hapaswi kumpunguza mtu. Mfadhili kuondoka ni sababu halali ya kupunguza. Haimpi mwajiri ruhusa ya kukuandikia kwamba uliacha kazi mwenyewe.

Ukipunguzwa kihalali, malipo yako ni haya: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo uliyokuwa hujaichukua, notisi (kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, au fedha badala yake), na kiinua mgongo kwa aliyetimiza angalau miezi 12 mfululizo. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Yule dereva wa miaka minne anastahili siku 28. Aliyefanya kazi miaka 12 anahesabiwa 10. Kama uliajiriwa kutoka mkoa mwingine, kuna pia gharama za kukurudisha mahali ulipoajiriwa. Na lazima upewe hati ya utumishi. Hayo yote anakulipa mwajiri, na hayaondoi fao la NSSF. Ni mifuko miwili tofauti. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao ni wa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, hivyo kama umepunguzwa ukiwa mzima, huko usipoteze siku.

Kama barua yako haisemi ukweli, au hukushirikishwa, una siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara uliobaki, yana siku 60. Nenda Tume, ofisi ipo hapa mkoani, na ni bure. Unajaza Fomu Namba 1, ile ya kuwasilisha mgogoro, unampelekea mwajiri nakala, unachukua uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha Tume ukiwa na uthibitisho huo. Watu wanakosea mpangilio: wanaleta fomu Tume kwanza na kurudishwa, na siku zinaendelea kuhesabika. Ukichelewa ni lazima uombe kuongezewa muda kwa Fomu Namba 2, ukieleza sababu ya kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa shambani" haitatosha. Naomba mnielewe, siku 30 ni chache kwa mtu aliyeko Kakonko anayetafuta nauli, na ndiyo maana nasisitiza usikae wiki mbili ukiulizana na wenzako.

Jambo la mwisho lifanywe wakati bado una kazi. Salari slipu kuonyesha makato si ushahidi kwamba mchango umefika. Mfanyakazi hukatwa isizidi asilimia 10, mwajiri anaongeza mpaka jumla iwe 20, na anatakiwa kuwasilisha ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha. Nimeona mtu aliyekatwa miezi 22 ambaye kwenye kumbukumbu ana miezi 15. Miezi hiyo saba ndiyo tofauti kati ya theluthi ya mshahara kwa nusu mwaka na malipo ya mkupuo. Asiyewasilisha ana kosa, anatozwa nyongeza kwa ucheleweshaji na anaweza kushtakiwa, lakini afisa hawezi kumfuata bila kujua. Angalia taarifa yako ya michango kila baada ya miezi michache, tunza salari slipu, na ukiona pengo lilete mapema.

Angalia na jina. Majina yetu ya Kiha yanayoanza na "Nt" au "Ny" karani wa mbali huyaandika anavyoyasikia, na herufi moja ikipungua kati ya kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki na kadi ya uanachama, dai linasimama mpaka ulete kiapo.

Yule dereva alifika siku ya 27. Tulijaza fomu mezani kwangu mchana ule, akieleza kwamba saini ile haikuwa ya hiari, akaambatanisha ujumbe wa simu uliowaita wote kwenye kikao cha "kufunga mradi". Siku ya 28 alirudi Kibondo kumkabidhi mwajiri nakala. Siku ya 29 alikuwa Tume, na muhuri wa mapokezi juu ya fomu.